Kiti cha Dirishani

Jumanne ile Soli, fundi viatu, alirudi kutoka hospitali bila kusafishwa damu. "Mashine ya nne imekufa," alimwambia mkewe. "Wamesema tuje Ijumaa." Alipovua viatu, alama za kamba zilibaki zimechimbika kwenye miguu iliyovimba. Alhamisi alfajiri mkewe alimwita mara tatu. Hakuitika.

Miezi mitano baada ya mazishi, mjane alikuwa akipiga pasi gauni la mteja. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliingia bila hodi.

"Shemeji, karib..."

Kofi lilimkata kauli. La pili lilimbamiza kwenye cherehani, jino likadondoka juu ya gauni jeupe.

"Ulimzuia kaka," shemeji alisema. "Nimetoka kupimwa figo. Ukutani wamebandika karatasi ya utafiti. Fundi viatu, miaka arobaini na mitatu, kiti cha dirishani. Jina wamelificha, lakini ni nani mwingine? Wameandika aliacha matibabu kwa hiari yake. Mume mgonjwa mzigo, sivyo? Ukaona uutue."

Alimkaba shingo. Macho ya mjane yakaanza kuingia kiza. Mkono wake ulipapasa, ukaikuta pasi, ukaigandamiza begani mwa shemeji. Chumba kikanuka ngozi iliyoungua. Shemeji akabweka, akamwachia.

Mjane alitema damu. "Twende ukanioneshe."

Walitembea mmoja mbele, mwingine nyuma, kama watu wasiojuana. Karatasi ilikuwa ndani ya kioo, kwenye korido ya hospitali. Mjane aliisoma mwenyewe. Kilo sitini na moja na nusu: uzito ule aliuandika kwa mkono wake kwenye kadi ya mumewe.

"Mama, hizi taarifa hazina majina," alisema mtafiti aliyeiandika, akitoka ofisini. "Na mgonjwa alitia sahihi."

"Alitia sahihi damu yake ipimwe. Kubandikwa ukutani hamkumwambia. Na nani kawaambia aliacha?"

Mtafiti alileta fomu. Ilikuwa na visanduku vitatu: amehamishwa, amefia wodini, ameacha. "Asiporudi, tunaweka alama hapa."

"Mashine ikifa, mnaweka wapi?"



Muuguzi aliyekuwa akimfunga shemeji bega ndiye aliyejibu. "Jumanne ile tuliwarudisha watu sita. Mimi ndiye niliyewaambia waende."

"Wakarudi wangapi?"

"Wawili."

Shemeji alimsukuma muuguzi, akapiga ngumi kioo. Vipande vikaruka, mkono ukachanika hadi kwenye kifundo. Akapiga tena palepale. Kisha akamkunja mtafiti shati, akamgongesha kichwa ukutani, damu ikaenea koti zima jeupe.

"Mwache," mjane alisema.

"Wamemuua, halafu wamemsingizia."

"Na wewe ulikuja kwangu. Hasira zako zimeshakosea mlango mara moja leo. Mwache, anieleze nani atalifuta hilo neno."

Shemeji alilegeza vidole kimoja kimoja, akaketi chini juu ya vioo.

Neno lilifutwa wiki ya pili. Fomu ina kisanduku cha nne sasa, na mgonjwa husomewa kilichoandikwa juu yake kabla hakijapelekwa kokote. Majibu ya shemeji nayo yalitoka. Husafishwa damu Jumanne na Ijumaa, kiti kilekile cha dirishani. Mjane hutafunia upande wa kushoto.