Asali Viganjani mwa Yasinta

Saa moja na nusu asubuhi Yasinta alikuwa uani kwake, Iguguno, akipepeta alizeti, kengele ya shule ilipogongwa. Kengele yenyewe ni rimu ya lori iliyotundikwa mtini. Mistari mitatu ya fimbo ikavimba kwenye viganja vyake. Akaweka ungo chini, akavipuliza, akangoja maumivu yatulie. Ilikuwa miaka ishirini na miwili tangu amalize darasa la saba.

Hakuwa peke yake. Muda huo huo fundi cherehani alisimamisha kazi, na mchungaji alikatisha sala. Enzi zao aliyekutwa na kengele njiani alichapwa, nao wengi walikutwa, maana ng'ombe walitakiwa kukamuliwa kwanza.

Mwalimu Editha, mgeni kutoka chuoni, aliwaeleza taratibu. Mwili ulizoea kupokea kengele na fimbo pamoja, sasa ukisikia moja unajiletea nyingine. Dawa yake ni kuuzoeza mwili kupokea kengele pamoja na kitu kitamu. Basi mwezi mzima kila mtu mzima alikaa na kopo la asali, na kengele ikilia anadondosha tone kiganjani na kulamba. Wiki ya tano mistari haikuja tena. Asali ilitoka yenyewe kwenye ngozi. Fundi alinung'unika kidogo kuhusu vitambaa vya wateja, kisha akatafuta beseni la kukingia.

Yasinta alifurahi kuliko wote, kwa kuwa mwanawe, Hana, alikuwa anaanza darasa la kwanza. Akabeba kopo zima mpaka kwa mwalimu mkuu, mzee Enock.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba Hana asichapwe. Akichelewa, mlambishe hii."

"Marahaba, Mama Hana. Wewe viganja bado vinauma?"

"Hapana, mwalimu. Nimepona."

"Unaona? Na yeye akikua atapona."

Akapokea kopo, akashukuru sana.

Jumatatu Hana alichelewa kwa ajili ya kiatu kimoja kilichojificha chini ya kitanda. Kengele ikalia akiwa bado anakimbia. Yasinta, pale uani, akasikia fimbo, halafu kilio cha mwanawe. Kilimchoma moyo. Asali ikamchuruzika hadi viwikoni, na mdomo ukamjaa mate. Akalia sana, huku analamba, maana ilikuwa tamu.