Kelele Kwenye Nyumba ya Msiba

Yaani waliizima, jamani! Mashine ya Tshiamo, ile inayomsukumia hewa puani kila akilala, maana usingizi ukimchukua tu, koo nalo linajifunga. Imezimwa mchana kweupe, nyumba imejaa watu, na aliyeizima hakuwa na ubaya hata chembe.

Walikuwa mji wa Kanye, wamemzika baba yake Boikanyo, yaani huyo mama yake Tshiamo. Walipotoka makaburini Boikanyo akamlaza mtoto chumbani. Na kumvisha ile barakoa si mchezo. Ana miaka minne na anapigana kama paka. Dawa yake ni hadithi ya sungura mwizi wa maji. Akimfunga mkanda wa kwanza wa barakoa, sungura anatoka kwake. Mkanda wa pili, anakaribia kisima. Barakoa ikivuliwa, sungura naye anasimama hapo hapo. Basi mtoto akalala, mama akaenda kupakulia watu nyama.

Sasa akapita shangazi yake Boikanyo, Gaboipolwe. Kwao msiba ukiingia nyumbani redio inazimwa, televisheni inazimwa, hata kioo kinageuziwa ukutani. Akasikia kitu kinavuma, na marehemu ni kaka yake wa tumbo moja! Akazima. Akamvua mtoto barakoa taratibu asimwamshe, akamfunika vizuri. Mtoto akaanza kukoroma, shangazi roho ikatulia: huyu sasa kalala usingizi wa haki.

Boikanyo alirudi, sahani mkononi. Mvumo hakuna. Kukoroma hakuna. Midomo ya mtoto imeiva zambarau.

Jirani mmoja muuguzi alimpulizia pumzi mdomoni mpaka moyo ukarudi. Hospitali wakamtia mrija kooni, wakamweka kwenye mashine kubwa zaidi, na daktari hakutaka kuahidi kitu. Wasubiri tu, alisema, kama atafumbua macho.

Shangazi alikuwa kwenye korido, kakaa sakafuni na blanketi lake la msiba, kiti hataki. Boikanyo akamwendea na maneno yake makali, kayapanga njia nzima.

"Nilizima kelele, mwanangu," shangazi akasema. "Kelele tu."

 Boikanyo akamshika mkono, akamwinua, akaingia naye ndani. "Kaa upande ule, shangazi. Mshike mguu."

Akainama sikioni kwa Tshiamo. Sungura kafika kisimani, akamwambia, kainama anywe, na wenye kisima wako nyuma yake. Akanyamaza, maana hapo ndipo mtoto huuliza kila siku: wamemkamata?

Mashine ikavuma.

"Kesho, mama," Boikanyo akamwambia binti yake. "Ukiamka tu, nakumalizia yote."