Kikao cha Viungo vya Kibwana

Jumatano iliyopita, saa saba na nusu mchana, Bi Tunu aliota ameitwa kwenye kikao cha viungo vya mumewe.

Hakuwa mtu wa kulala mchana. Lakini benchi la nje ya wodi ya wagonjwa mahututi lilikuwa penye upepo, naye kwa wiki saba alikuwa akilala kama kuku, jicho moja wazi. Wiki saba hizo zilianza siku ambayo mumewe, Kibwana Semboja, katibu mstaafu wa ushirika wa wakulima wa machungwa kule Muheza, alisimama kwenye mkutano mkuu, akanyoosha kidole, akasema, "Mwenyekiti, kuhusu utaratibu," kisha akaanguka. Kiharusi. Wajumbe walisubiri kidogo amalizie hoja, maana haikuwa kawaida yake kuachia katikati.

Tangu hapo mashine ilikuwa ikimpumulia, na mpira mwembamba uliopitishwa puani ukimpelekea uji mara tano kwa siku.

Asubuhi ya Jumatano hiyo Daktari Mlacha, mama mpole mwenye sauti ya chini, alimwita Bi Tunu pamoja na Bi Mwasiti, dada mkubwa wa Kibwana. Akawaeleza kwa mara ya tatu. Sehemu kubwa ya ubongo imekufa. Kibwana hasikii, hajui, na hatarudi. Jopo la madaktari limekaa na linashauri mashine iondolewe, ila wanataka neno la familia, na familia iwe na neno moja.

"Ndugu yangu hachomolewi kama pasi," alisema Bi Mwasiti. "Roho ina mwenyewe."

"Na mashine je, wifi? Nayo ina mwenyewe?"

Bi Mwasiti akaenda kukaa kando ya kitanda na tasbihi yake. Bi Tunu akatoka, akaegemea ukuta, na kabla hajamaliza kuvuta khanga mabegani, mashine ya kupumulia ikawa imesimama mbele yake, imevaa kofia iliyodariziwa na saa ya mkononi.

"Wewe ndiye mke?" anauliza Mashine.

"Ndiye mimi."

"Mimi nakaimu nafasi ya mapafu. Umechelewa. Kikao kilikuwa saa saba kamili."

Bi Tunu anaomba radhi na kumfuata. Mlango wa wodi unafunguka, na ndani ni ghala la ushirika, Muheza, lenye harufu ya machungwa na mabenchi yale yale yanayochana nguo. Viungo vya Kibwana vimekaa kwa utaratibu. Moyo yuko mstari wa mbele, anatokwa jasho. Ini amekunja uso. Mafigo wawili wamebanana kwenye kiti kimoja.

"Mko wawili, ila mna kura moja," Mashine anawakumbusha.

"Tunajua," wanajibu Mafigo kwa pamoja. "Tumekata rufaa."

Kiti cha katikati ni kitupu. Bi Tunu anauliza ni cha nani.

"Cha Ubongo. Ametoa udhuru." Mashine anafungua karatasi, anasoma bila kubadili sauti: "'Nimetoka. Msinisubiri.' Basi. Kwa mujibu wa katiba yetu, kipengele cha tisa, asipokuwepo Ubongo akidi haijatimia. Akidi isipotimia hatuwezi kuendesha kikao. Wala hatuwezi kukifunga."

"Sasa wiki saba zote mnafanya nini?"

"Tunakaa."

Moyo ananyoosha mkono. "Napinga."

"Unapinga nini? Hoja haijaletwa."

"Sijui," anasema Moyo. "Mimi nilifundishwa kazi moja, na hakuna aliyewahi kuniambia basi."

Bi Tunu anamwonea huruma. Huyo anamfahamu, amemlalia kwa sikio la kushoto miaka thelathini na minne.

"Kama kuna mwenye haki ya kulalamika humu ni mimi," Ini anasema. "Lakini siwezi kusema mbele ya mkewe."

Bi Tunu anajifanya hakusikia. Kibwana siku zote alidai kuwa ile harufu ya mdomoni ni ya machungwa yaliyochacha.

Pembeni, karibu na mlango, ameketi Bi Mwasiti. Amekalia soketi ya umeme, ametandaza gauni lake pande zote kama kuku wa mayai.

"Wifi, unafanya nini hapo?"

"Naatamia."

"Itaangua nini?"

"Usiniulize," anasema Bi Mwasiti, na kujiweka vizuri.

Mashine anamvuta Bi Tunu kando. Kwa karibu anaonekana amechoka. Kila akitaka kusema lazima kwanza avute pumzi moja ya Kibwana na kuishusha. "Mama, mimi ni kaimu tu. Nenda kamtafute mjumbe mwenye kile kiti kitupu. Aje apige kura, au ajiuzulu kwa maandishi."

Bi Tunu anatoka ghalani, anatokea kwa kinyozi.

Ni kibanda cha nyuma ya soko, chenye kioo kimoja chenye ufa. Kibwana amekaa kitini, shuka jeupe shingoni, mguu juu ya mguu. Anayemnyoa ni Ubongo. Bi Tunu hajawahi kumwona Ubongo lakini anamtambua mara moja, kwa ile tabia ya kujiona anajua.

"Kumbe uko huku! Wenzako wamekwama."

"Nimewaaga kwa maandishi," anasema Ubongo, mkasi ukiendelea. "Bomba lilipasuka, mama. Nyumba ikajaa hadi darini. Ungekuwa wewe ungebaki?"

"Kwa hiyo hurudi?"

"Nirudi wapi? Vyumba vimeanguka."

Anasema hivyo kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Bi Tunu anageuka kwa mumewe.

"Tunu," anasema Kibwana, "mbona umekonda hivyo?"

"Nakulinda."

"Unalinda nini? Mimi niko huku, nanyolewa."

"Basi niambie, Baba Shani. Tukuzime au tukuache?"

"Aa! Hoja hiyo mnaileta leo? Miaka thelathini na minne hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka chai ya rangi au ya maziwa."

"Ulikuwa unajijibu kabla hujaulizwa."

Kibwana anafikiri. "Kweli," anasema. "Iingie kwenye kumbukumbu."

Ubongo anaiandika kwa kalamu aliyokuwa ameichomeka sikioni, ingawa sikio hana.

Hapo Bi Tunu anasema neno ambalo akiwa macho hajathubutu kulisema hata bafuni. "Naogopa, Kibwana. Nikisema ndiyo, watasema nimekuchoka. Na kweli, siku nyingine nakuchoka. Nakusafisha mdomo, nakugeuza, nakusimulia habari za nyumbani, na wewe hunibishii hata kidogo. Siwezi kuishi na mtu asiyenibishia."

"Hilo si kosa lako," anasema Kibwana. "Mimi mwenyewe ningekuwa nimeshatoka nje ya kikao." Anafuta nywele begani. "Mwambie dada Mwasiti hivi: uji hapana."

"Uji gani?"

"Mwambie hivyo hivyo. Uji hapana. Usiongeze, usipunguze."

Bi Tunu anataka kumuuliza zaidi, lakini Ubongo anakizungusha kiti kielekee kwenye kioo, na kiti kinaendelea kuzunguka, na magurudumu yake yanalia.

Yalikuwa magurudumu ya kigari cha nesi. "Mama, amka," nesi alimwambia akipita. "Saa nane hii. Nampelekea mzee uji wake."

Bi Tunu alinyanyuka na kumfuata. Bi Mwasiti alikuwa pale pale kando ya kitanda, na Kibwana pale pale, kifua kikipanda na kushuka kwa hesabu isiyokuwa yake. Nesi akashika kibakuli, akaanza kuvuta uji kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Bi Tunu aliona aibu. Mtu mzima, mwenye wajukuu, atasimulia kwamba ametoka kuzungumza na figo? Lakini mdomo ulikwishafunguka.

"Wifi, Kibwana amesema uji hapana."

Tasbihi ilisimama.

"Amekwambia nani?"

"Yeye."

"Lini?"

"Sasa hivi. Yuko kwa kinyozi."

Bi Mwasiti hakucheka. Alimwomba nesi asubiri kidogo. Akasema akiwa amemwelekea ndugu yake, si Bi Tunu.

"Baba yetu alilala chumba cha uani miezi kumi na minne. Hajui mtu, hatambui mchana wala usiku. Kwanza tulimnywesha uji kwa kijiko. Taya zilipofunga, wakamtia mpira. Kila nilipomwekea, chozi lilimtoka jicho moja. Siku ya hitima yake, Kibwana akanivuta nyuma ya jiko, akanishika mkono hivi. Akaniambia, 'Dada, yakinifika mimi, uji hapana.' Nikamwambia sawa. Tulikuwa wawili tu, wifi. Hata mama hakusikia."

"Na wiki zote hizi ulikuwa unajua?"

"Wiki zote hizi nimekuwa nikiomba asiwe amemwambia mtu mwingine."

Bi Tunu alikuwa na haki ya kusema neno la ukali. Akamshika bega.

Bi Mwasiti alijifuta uso kwa upande wa mtandio. Kisha akachukua kile kibakuli mkononi mwa nesi, akaunywa uji wote uliobaki amesimama, nesi akimkodolea macho, akakirudisha kitupu.

"Hauna hata sukari," alisema. "Twende kwa daktari. Nitasema mimi."

Ijumaa saa nne asubuhi mashine ilizimwa. Kibwana alipumua mwenyewe dakika arobaini, mkono mmoja kwa dada, mmoja kwa mke, kisha akaacha.