Mgonjwa wa Mazoezi

Nyumbani wananiita Redio. Si jina la sifa. Wanasema nikijua jambo asubuhi, mchana mtaa mzima umelijua, na mimi nasema huo ni uzushi, kwa sababu kuna mambo nimewahi kuyaweka moyoni mpaka jioni. Ila kitu kimoja siwezi kukikana: nikiona jambo nisilolielewa, usingizi unaruka. Na mwaka huo, jambo nisilolielewa lilikuwa Bibi.

Lilianza na mguu. Asubuhi moja nilimkuta anatoka chumbani akichechemea mguu wa kulia, mkono kiunoni, uso umemkunjamana.

"Shikamoo Bibi. Mguu umefanyaje?"

"Marahaba. Mguu upi?" Akanyooka, akaenda zake jikoni kama msichana.

Wiki iliyofuata alichechemea tena, safari hii mguu wa kushoto. Nikajisemea, haya, ugonjwa gani huu unaohama? Halafu kikaja kikohozi. Kilikuwa kizito, cha kutisha, nakisikia nikiwa bafuni, na nikitokeza tu sebuleni kinakatika kama bomba lililofungwa. Mtu anakohoaje kwa zamu?

Nikampelekea Mama habari. Mama ni fundi cherehani, anafanyia kazi barazani, na anaongea na pini mdomoni.

"Bibi anaumwa na anatuficha," nikamwambia.

"Mwache. Akiumwa atasema." Hata macho hakuinua.

Mjomba, kaka yake Mama, fundi bomba, ndiye aliyeniudhi zaidi. "Huyo? Huyo atatuzika sote," akasema, akaendelea kunywa chai. Nilitamani nimmwagie hiyo chai. Mtu akishakuwa imara miaka nenda miaka rudi, watu wanaacha kumwangalia.

Lazima mjue Bibi ni mtu wa namna gani. Baiskeli alijifunza akiwa na wajukuu tayari. Akaanguka mtaroni, akatoka anacheka, akapanda tena. Siku moja alipanda treni mpaka kituo cha mwisho kwa sababu tu alitaka kuona reli inaishia wapi, akarudi kesho yake na taarifa kwamba inaishia kwenye majani na mbuzi wamelala juu yake. Ametulea sisi sote. Mama akishona, mimi nililala mgongoni kwa Bibi. Na bado alibakiwa na nguvu za kuwagawia wengine: anafua mashuka ya kituo cha watoto yatima, anawasomea magazeti watu wasioona, na damu alitoa mpaka wakamwambia basi mama, umri umepita, akagombana nao pale pale mlangoni. Jirani alipounguliwa na nyumba, Bibi alimpa godoro lake. Si la akiba, lake. Tuligundua tulipomkuta amelala kwenye mkeka, anakoroma kwa raha zake.

Sasa mtu kama huyo akiumwa, atakwambia? Hapo ndipo ilipokuwa hofu yangu. Niliamini ataumwa kimya kimya mpaka siku tutakayoamka tumkose.

Mimi nafanya kazi kwenye duka la fotokopi, ng'ambo ya barabara kutoka chuo cha wauguzi. Siku moja mwalimu wa chuo aliagiza karatasi za darasa, akaomba nimpelekee. Nikapita kando ya darasa, dirisha liko wazi, nikatupa jicho, maana jicho la kutupa ninalo siku zote. Kitandani, ndani ya shuka jeupe, amelala Bibi yangu. Anagumia. Wanafunzi wamemzunguka.

Sikumbuki niliingiaje. Karatasi zilitapakaa sakafuni, na mimi nimemkumbatia Bibi, nalia kwa sauti. "Jamani Bibi! Kwa nini hukutuambia?"

Bibi akafungua jicho moja.

"Redio," akanong'ona, "umeniharibia. Nilikuwa karibu kuzimia."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu, mwanamke mrefu mwenye saa kifuani, alinieleza huku anaokota karatasi. Bibi alikuwa anajitolea. Wanafunzi hawawezi kuanza moja kwa moja na wagonjwa wa kweli, kwa hiyo kila wiki Bibi anapewa ugonjwa, anaufanyia mazoezi nyumbani, kisha anakuja kuumwa mbele yao.

"Hatujawahi kupata mgonjwa kama huyu," mwalimu akasema. Bibi akajifanya hasikii, ila nilimwona anajiweka vizuri kwenye mto.

Nikaruhusiwa kukaa nyuma kwa sharti la kufunga mdomo. Zamu ilikuwa ya msichana mmoja mwembamba ambaye Bibi alimpachika jina la Kimya, kwa sababu sauti yake ilikuwa haifiki hata kwenye mto. Alisimama upande wa miguuni.

"Unajisikiaje, bibi?"

"Sijambo."

"Kuna mahali panauma?"

"Hapana, mwanangu. Uzee tu."

Kimya akaandika. Akauliza tena, akajibiwa sijambo tena. Jasho likaanza kumtoka. Akaangaza huku na huku, kisha akavuta kigoda kilichokuwa pembeni, akakaa, magoti yake yakawa karibu na mkono wa Bibi. Hakuuliza kitu. Ukapita muda. Ndipo uso wa Bibi ukabadilika, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nakojoa damu, mwanangu. Sijamwambia mtu."

Mwili ulinisisimka, na nilikuwa najua kabisa ni uongo.

Njiani kurudi nikamuuliza kwa nini alimtesa vile yule mtoto wa watu.

"Nawafanyia wote hivyo hivyo," akasema. "Aliyesimama simwambii. Aliyesimama anataka kuondoka, miguu yake imeshaangalia mlango. Nimpe siri yangu aende nayo wapi?"

Basi habari ikafika nyumbani siku hiyo hiyo, na mnajua kwa njia gani. Kuanzia hapo magonjwa ya Bibi yakawa mchezo wa nyumba nzima. Asubuhi Mjomba anapita mlangoni kwake na begi la spana: "Mama, leo tunaumwa nini?"

"Figo."

"Pole sana. Moja au zote?"

Hata Mama alicheka, pini na kila kitu. Na mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimetua mzigo. Bibi haumwi. Bibi anaigiza tu.

Kisha Jumatatu moja nilimkuta amesimama kwenye korido, kiganja kimoja ukutani, kingine kifuani. Anahema.

"Ya leo kali," nikasema. Nilikuwa nimeshafika mlango wa nje, mkoba begani, nachelewa kazini. "Ya kweli au ya chuo?"

Akanitazama kidogo. "Ya chuo," akasema, akatabasamu. "Haya, kazi njema, mjukuu wangu."

Nikaenda zangu.

Kesho yake ikawa vilevile, na Mjomba akampigia makofi. "Hapo kwenye kuhema, Mama, hapo umeweza!"

Mchana huo dukani hakukuwa na mteja. Jana yake pia hawakuja, nikadhani ni siku mbaya tu. Lakini siku mbili mfululizo, bila mwanafunzi hata mmoja wa kunijazia mlango? Nikatoka nje kuchungulia. Geti la chuo limefungwa kwa mnyororo, mlinzi amekaa kivulini anamenya karanga.

"Kulikoni huko?" nikampigia kelele.

"Likizo! Wamefunga tangu Ijumaa, mwezi mzima!"

Nikabaki nimeshika mlango. Likizo. Sasa hiyo ya chuo ni ya chuo kipi? Bibi anamfanyia nani mazoezi?

Hata mashine sikuzima. Nilikimbia na viatu mkononi, nikampita Mama barazani akiniuliza kuna nini, sikumjibu. Bibi alikuwa amekaa kitandani, ameegemea mto, soksi moja ameishika mkononi.

"Sijambo," akasema kabla sijauliza.

Kigoda kilikuwa chini ya dirisha, kimerundikiwa mashuka ya watoto yatima yanayongoja kukunjwa. Nikayaweka kando. Nikakivuta mpaka magoti yangu yakagusa kitanda, nikakaa. Na mdomo huu, ambao hakuna mtu aliyewahi kuufunga, nikaufunga mwenyewe. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kukimbia. Barazani cherehani ilikuwa inanguruma, kisha ikanyamaza.

Bibi aliitazama soksi yake.

"Kifua," akasema. "Kinabana, halafu mkono unakufa ganzi. Tangu Jumamosi." Akavuta pumzi. "Jana pale ukutani nilitaka kukwambia. Ulikuwa na mkoba begani."

"Nisamehe, Bibi."

"Sikulaumu. Si mimi mwenyewe niliyewafundisha kucheka?" Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa na baridi. "Naogopa, Redio."

Huyu ndiye aliyepanda treni kwenda kusikojulikana. Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Hata mimi," nikamwambia. Kisha nikapiga ukelele uliosikika mpaka mtaa wa pili, na safari hiyo hakuna aliyeninung'unikia. Mama alikuwa tayari amesimama mlangoni. Mjomba alikuja mbio na pikapu yake ya mabomba, anaendesha huku machozi yanamtoka, anarudia neno moja tu, "Nilimpigia makofi. Nilimpigia makofi."

Hospitalini daktari alisimama miguuni kwa kitanda na faili lake. "Unajisikiaje, mama?"

"Sijambo," Bibi akasema.

Nikamsukumia daktari kiti. "Kaa, daktari, tafadhali. Usipokaa utaandika uongo."

Alinikodolea macho, lakini alikaa. Ni moyo, alituambia baadaye, na tumewahi. Angevumilia siku nyingine moja, angekuwa anatuambia mengine.

Sasa Bibi yuko nyumbani, anakunywa dawa zake na kulalamika kwamba ni chungu. Chuo kimefunguliwa. Mwalimu alikuja kumwona pamoja na Kimya, akasema wanamngoja, watampa ugonjwa mwepesi, labda mafua. Mama bado hajakubali, na Bibi ameshaanza kupiga chafya kwa siri.

Kigoda hakikurudi chini ya dirisha. Jana Mjomba alitoka kazini, ovaroli limelowa, akasimama mlangoni kwa Bibi kama zamani, na nikaona mdomo umeshafunguka kuuliza tunaumwa nini leo. Akaufunga. Akavua viatu, akaingia, akakaa, kigoda kikalia kwa uzito wake.

"Mama," akasema, basi.

"Sijambo," Bibi akamwambia.

Mjomba hakuinuka.