Bia ya Ngano ya Kiama

Kiama anataka kumwoa mjukuu wangu Waruguru, na siku ya mahari alipanga kuwapa wazee bia ya ngano ya Kibelgiji anayoipika kwenye baa yake hapa Ruiru, badala ya muratina, pombe yetu ya asali ya kimila. Mimi nyanya yake nikatumwa kuionja kwanza.

Ikaja glasi ya kitu kama maji ya kuoshea mchele, na kipande cha chungwa juu.

"Ulisahau kuichuja?"

"Hapana, shosho. Wabelgiji huiacha hivyo."

"Pole yao. Na hii dhania ninayoisikia, nyama iko wapi?"

Nikainywa polepole mpaka povu la mwisho, nisimhukumu mtoto wa watu bure. Nikaitisha ya pili.

"Wazee wapelekee muratina, ama urudi bila bibi," nikamwambia. "Hii mbaya niachie mimi nihangaike nayo."