Jaribio la Tano la Dume Mabula

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na Baraza Kuu la Kadi za Bonde, natangaza kwamba mimi ndiye Jaji wa Mizani, na hukumu yangu haikatiwi rufaa. Baraza lenyewe ni watu wanne wa kidato cha tatu wanaojificha nyuma ya bwalo saa za kufua. Kadi tunazikata kwenye maboksi ya chaki.

Sheria niliandika mimi. Kadi mpya hucheza michezo mitano. Ikishindwa yote ni dhaifu, inachanwa. Ikishinda yote imezidi nguvu, inachanwa. Nyingine huingia kwenye kopo la maziwa na kubaki humo, hata mwenyewe akihama shule.

Mashimba alikuwa anahama. Baba yake alikuwa anapeleka ng'ombe Lindi, na lori lingempitia jioni ile ile. Aliomba jambo moja: dume lao, Mabula, awe kadi, abaki kwenye kopo. Fulgensi, mchoraji wa Baraza, akamchora na nundu kama mlima. Mimi nikapanga namba: pembe saba, uhai nane.

"Jaji, huyo atamla hata mamba wangu," Digna akalalamika.

"Basi kila zamu ya tatu anakunywa maji, hashambulii. Na hajui kuogelea."

"Mabula anaogelea," alisema Mashimba.

"Kwenye kadi haogelei."

Pamoja na hayo akashinda michezo minne. Wa tano ulikuwa wangu, na kwenye fungu langu kulikuwa na kadi pekee ya kumweza: Mafuriko ya Lumemo, mto wa hapa kwetu, inayozoa kila asiyeogelea.

"Nifunge, kaka," Mashimba alininong'oneza. "Nifunge tu."

"Mafuriko hayajanijia," nilisema kwa huzuni ya kiofisi.

Akashinda. Sijawahi kuona mshindi mwenye uso kama ule. Nikasimama, nikasoma hukumu, nikamchana Mabula vipande vinne.

"Sawa, Jaji," alisema Mashimba. Honi ikalia getini. Akabeba sanduku lake, na muda si mrefu tukasikia lori likiondoka, ng'ombe wakilia ndani.

Digna alikuwa anakusanya kadi. "Inua mguu."

"Kwa nini?"

"Inua!"

Mafuriko ya Lumemo yalikuwa chini ya ndala yangu.

"Ulikuwa nayo."

"Toka zamu ya pili," nilisema. "Nilitaka kumtisha kidogo, kisha niitoe, tucheke. Nikanogewa na hukumu. Nilipokumbuka, nilikuwa nimeshachana."