Nyusi za Bi Maswali

Mimi ni kinyozi, na mambo ya nywele hakuna wa kunifundisha. Miaka kumi na minne nimeshika mashine. Nikikiona kisogo cha mtu tu nakwambia analalia ubavu gani, na kama mara ya mwisho alinyolewa na fundi au na shemeji yake. Kwa hiyo asubuhi ile nilipomvua binti yangu kitambaa kichwani na kukuta kipara utosini, ukubwa wa kifuniko cha soda, sikuuliza mtu. Nilisema kimoyomoyo: mapunye. Halafu nikakirudisha kitambaa upesi, mama yake asije akaona.

Najua mapunye si ugonjwa wa kumtetemesha mwanamume mzima. Ngoja nieleze. Ulikuwa mwezi wa tatu tangu lile gonjwa liingie mjini. Shule zilifungwa, na sisi vinyozi tulifungiwa kabla ya wote, eti tunapumuliana mno na wateja. Mke wangu, mpishi wa shule, naye akarudishwa nyumbani. Yeye ana pumu. Daktari alimwambia, "Wewe mama, hili likikupata..." kisha akaangalia karatasi zake, hakumalizia. Basi mimi nikawa naaga kwamba naenda kupanga foleni ya unga, kumbe mashine nimeificha kikapuni, naingia majumbani kwa watu kwa mlango wa nyuma. Mteja wangu mkubwa alikuwa wakili mmoja mzee mwenye mvi. Vikao vyake vyote vilihamia kwenye kompyuta, na bado alitaka kichwa king'ae utadhani jaji atakipapasa.

Na ni mashine hiyohiyo niliyomkatia binti yangu nywele wiki mbili kabla. Sasa fikiria. Kama imebeba mapunye kutoka kichwa cha mtu mpaka kichwa cha mwanangu, imebeba nini kingine? Nilimtazama mke wangu akifagia sebule, nikasikia kifua chake kikipiga filimbi kama kawaida yake, nikajiona nimeshaua mtu.

Binti yetu ana miaka tisa na tunamwita Bi Maswali, maana tangu ajue kusema hajafunga mdomo. Kwa nini mvi hazirudi kuwa nyeusi? Kinyozi ananyolewa na nani? Mtaa mzima wanatuita Baba Maswali na Mama Maswali. Siku ile nilimketisha kwenye kigoda uani, nikamnyoa kichwa chote.

"Tulia! Ukitikisika nitakukata!" nikamfokea, na aliyekuwa akitikisika ni mimi.

Hakuuliza hata swali moja. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema afadhali leo nimepata nafuu ya masikio.

"Umemnyoa upara wa nini?" mama yake akauliza.

"Joto," nikasema.

Nikaanza kumpaka dawa asubuhi na jioni. Taulo lake nikalitenga, foronya nikaichemsha, mashine nikailoweka kwenye spiriti mpaka meno yake yakapauka. Usingizi ulinihama. Wiki ya pili, nyusi yake ya kushoto ikawa imebaki nusu.

Lo! Hapo nilichanganyikiwa. Sijapata kuona mapunye yanakula nusu ya nyusi na kuacha mstari ulionyooka. Lakini mimi nikishasema neno ni mgumu kulirudisha. Nikaongeza dawa.

Mke wangu hakuwa kipofu. Mchana mmoja, tukiwa mezani, akaweka kijiko chini.

"Baba Maswali, huyu mtoto anaumwa. Hali, haongei, anashinda dirishani. Tumpeleke zahanati."

"Zahanati? Huko huko kwenye gonjwa? Unataka tufe wote?"

"Usinipigie kelele."

"Sipigi kelele!" nikapiga kelele, na ngumi ikatua mezani, bakuli likaruka.

Akaanza kukohoa. Akapapasa dawa yake ya kuvuta, akavuta, akakohoa tena, na mimi nimesimama pale nimekauka, kila kikohozi nasema ndicho hiki, kimefika, nimekileta mwenyewe kikapuni. Kikatulia. Nilipogeuka nikamwona Bi Maswali mlangoni, kidole kiko usoni.

"Toa mkono, usijikune!" nikamwambia. Akautoa, akaondoka zake bila neno.

Siku tatu baadaye wakili alinipigia simu, ana kikao kikubwa. Nikaaga foleni ya unga. Nikiwa nusu ya kichwa, akapiga chafya.

"Vumbi tu," akasema.

"Vumbi," nikaitikia. Nilimaliza ovyo, ndevu za chini ya kidevu nikaziacha, kazi ya aibu. Njia nzima nilipita naogopa hata mate yangu. Niliosha mikono kwenye bomba la uani mpaka ngozi ikauma, nikaingia ndani.

Mama Maswali alikuwa amejilaza chumbani. Sebuleni kulikuwa kimya. Nikaona miguu miwili midogo chini ya pazia la dirisha linalotazama geti. Nikalivuta pazia taratibu.

Alikuwa amesimama ameshika ukingo wa dirisha. Kwenye ukingo huo kulikuwa na mstari wa vitu vyeusi vidogo, nikadhani ni sisimizi waliokufa. Nikainama. Zilikuwa nywele. Zimepangwa moja moja, zimelazwa upande mmoja, kwa unadhifu ambao hata mimi sina.

Nikaokota moja nikaiinua kwenye mwanga. Nywele ya mapunye hukatika, mzizi unabaki ndani ya ngozi. Hii ilikuwa na mzizi wake, kijidoa cheupe mwishoni. Nikaokota nyingine, ikawa hivyo hivyo. Nikaokota ya tatu. Hakuna ugonjwa wa kichwa uliozila nywele hizi. Ziling'olewa kwa vidole. Nikamtazama mwanangu usoni, na kope za jicho lake la kulia hazikuwepo.

Miaka kumi na minne! Fundi mzima, na mwanangu nimempaka dawa ya fangasi majuma mawili.

"Nani kakufanyia hivi?" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Akajikunja akaziba masikio. Nikajiona, jamani. Nikajiona vile anavyoniona yeye, na niliogopa kuliko nilivyoiogopa ile chafya.

Nikakaa chini sakafuni, mbali kidogo. Nikangoja. Kungoja si kazi yangu, lakini nilingoja.

"Ni mimi," akasema mwishowe.

"Kwa nini, mama?"

"Ukitoka nang'oa moja. Ukichelewa nang'oa nyingine. Halafu unarudi na hukohoi."

Nikairudisha ile nywele ya tatu kwenye mstari wake.

"Ulinyoa za kichwani," akaendelea, polepole, akinieleza kama mtu anayeeleza njia. "Nikatumia za nyusi. Leo umechelewa sana, baba."

"Nilikuwa kwenye foleni ya..."

"Unarudi na nywele nyeupe shingoni. Sisi hapa hatuna mzee."

Nikajipangusa shingo kwa kiganja.

"Mbona hukuniuliza?" nikasema baadaye. "Wewe si Bi Maswali?"

"Nikiuliza unafoka. Na nikimwambia mama mtagombana, akigombana anakohoa, na akikohoa atakufa."

Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka ile chafya, nikabaki na mikono yangu hewani kama mjinga. Alijua kwa nini. Alirudi nyuma hatua moja mwenyewe, akanipa nafasi.

Nilimweleza mke wangu yote, nimesimama nje ya mlango wa chumba. Kikapu, wakili, chafya, mapunye ya kubuni. Nilitegemea matusi. Hakunitukana. Alisema tu, "Nilijua unga haununuliwi kila siku. Nikasema labda una mwanamke, nikaona heri mwanamke." Kisha akalia, na mimi nikahesabu pumzi zake.

Wakanitengea chumba cha uani siku kumi na nne. Sikuugua. Wakili naye hakuugua, ilikuwa vumbi kweli. Tulipata namba ya mshauri wa watoto, mama mmoja mwenye sauti ya upole, tukazungumza naye kwa simu. Alituambia mtoto hana kichaa, amebeba mzigo wa watu wazima. Akasema tusimzomee, tusimshike mkono kwa nguvu akianza, tumpe kitu cha vidole kufanya, tusimwahidi tusichoweza. Na akasema itachukua muda. Nilimuuliza muda gani. Akasema, "Baba, muda."

Siku niliyoruhusiwa kurudi ndani tulikaa kwenye mkeka karibu na dirisha, mimi na Bi Maswali, tukisuka kamba za uzi wa rangi. Unga ulikuwa umebaki wa siku mbili, hilo sikumwambia. Simu ikalia. Ni wakili. Nikaiweka sauti nje ili asikie kila kitu.

"Fundi, kesho saa nne unafika?"

"Hapana, mzee. Siji."

"Nitakuongeza."

"Hata ukiniongeza. Nina mtoto nyumbani." Nikakata.

Nilijisikia mwanamume. Nikamgeukia nikitabasamu.

"Na kesho akipiga tena?" akauliza.

Lilikuwa swali lake la kwanza tangu nimnyoe. Nilikuwa nimelingoja kama mtu anavyongoja mvua, na sasa limekuja nikatamani lirudi.

"Kesho pia siendi," nikasema.

Alinitazama muda mrefu. Aliangalia jikoni, kwenye kopo la unga, akanitazama tena. Akaweka uzi chini. Kidole na gumba vikapanda jichoni, taratibu, nami nimekalia mikono yangu nisije nikamshika. Akavuta. Akaulaza ule unywele kwenye ukingo wa dirisha, akaunyoosha.

"Huu wa kesho," akasema.